Jasho la bustani lina hesabu yake

Ndugu msomaji, leo ni Jumapili, na bila shaka katika nyumba nyingi za mjini kuna mtu aliyekwisha kwenda gengeni asubuhi akarudi na fungu la mchicha, nyanya nne tano, bamia na pengine kipande cha boga. Ni vitu vidogo, hununuliwa kwa fedha ndogo, na mara nyingi hununuliwa kwa mabishano. Mnunuzi hulalamika kwamba fungu limepungua; muuza genge huapa kwamba hata yeye kauziwa ghali. Katika mabishano hayo mtu wa tatu hayupo, naye ndiye aliyelima.

Leo tumzungumzie huyo. Tumfuate msimu mzima, tangu maji ya mto yanapopungua hadi tenga la mwisho linapopakiwa garini, katika bonde la Rufiji na wilaya ya Kibiti. Tumechagua sehemu hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, ni jirani yetu: kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa, Kibiti iko umbali wa kama kilomita 140 tu, na wengi wa wasomaji wetu wa Mbagala, Temeke na Mtoni wana wazazi, shangazi na wajomba huko. Pili, huko bustani ya familia ina mshirika ambaye kwingineko hayupo, yaani mto wenyewe. Mshirika huyo sasa amebadilika tabia, na mabadiliko yake yana mzigo ambao lazima mtu aubebe. Swali letu la leo ni nani anaubeba.

Mto uliokuwa mkulima

Mto Rufiji huanza pale Kilombero na Luwegu inapokutana, kisha hupokea maji ya Ruaha Mkuu. Eneo linalotiririsha maji yake katika mto huo ni kama kilomita za mraba 177,000, yaani karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Maana yake ni kwamba mvua iliyonyesha Iringa, Mbeya na Morogoro humalizia safari yake mbele ya nyumba za Warufiji, ikiwa imebeba udongo wa mashamba ya watu wa mbali. Karibu na bahari mto hugawanyika mikono mingi, ukazaa delta yenye visiwa, vijito na msitu mkubwa wa mikoko unaojulikana Afrika Mashariki nzima.

Kwa karne nyingi wakulima wa bonde hili wamepanga maisha yao kwa kufuata kupanda na kushuka kwa maji. Mvua za vuli zikianza, hupandwa mpunga na mahindi. Masika yakifika, mto hupanda, nayo mafuriko huwa makubwa zaidi mnamo mwezi wa Aprili. Maji yakishuka, mwezi wa Mei na Juni, huacha tope laini jeusi lenye rutuba na unyevu mwingi. Hapo ndipo huanza kilimo kiitwacho mlau, yaani kupanda katika ardhi iliyoachwa na maji. Mkulima hutoboa tope, hutia mbegu ya mahindi, kunde, choroko, boga au tikiti, na mmea huota, hukua na kuzaa wakati wa kiangazi, ukinywa unyevu uliohifadhiwa ardhini. Hakuna mbolea iliyonunuliwa wala ndoo iliyobebwa. Mto umekwisha kufanya kazi ya kulima, kurutubisha na kumwagilia.

Tunaomba msomaji akumbuke jambo hilo, kwa kuwa tutalirudia: mafuriko yalikuwa kazi. Hayakulipwa mshahara, hayakuandikwa popote, lakini yalikuwa kazi iliyofanywa kila mwaka kwa niaba ya familia.

Haimaanishi kwamba mafuriko yalikuwa rafiki wakati wote. Baada ya maji makubwa ya mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali iliendesha Operesheni Rufiji, na watu waliokuwa wakiishi bondeni wakahamishiwa katika vijiji vilivyopangwa kwenye miinuko, hasa upande wa kaskazini wa mto. Walipata shule, zahanati na usalama wa maji. Lakini mashamba yalibaki bondeni, na tangu hapo mkulima wa Rufiji amekuwa mtu wa kutembea: nyumba juu, shamba chini, na njia ndefu katikati.

Bwawa na taa zetu

Tarehe 22 Desemba 2022 kulianzwa kujazwa maji Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa juu ya mto huu kwenye korongo la Stiegler. Mtambo wa kwanza uliingiza umeme katika gridi ya taifa mwezi Februari 2024, na uwezo wa mitambo yote tisa ni megawati 2,115. Sisi wa mjini tunaoujua uchungu wa mgao wa umeme hatuna haja ya kuelezwa faida yake. Bwawa hilo pia lilikusudiwa kudhibiti mafuriko.

Ila kudhibiti mafuriko kuna pande mbili. Udongo laini uliokuwa ukishuka na maji hutua ndani ya bwawa, kwa kuwa maji yaliyosimama hayawezi kuubeba. Na maji yanayotoka huja kwa kipimo cha mitambo. Kalenda ya mkulima haimo katika kipimo hicho. Tena siku ya maji mengi kupita kiasi bado ipo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua kubwa za El Niño zilijaza bwawa likalazimika kupitisha maji, na kufikia Aprili mashamba na makazi ya watu wengi wa Rufiji na Kibiti yalikuwa yamefunikwa. Mazao yaliyokuwa shambani yalioza.

Hivyo mkulima wa bondeni leo amesimama mahali pagumu. Hawezi kuwa na hakika kwamba maji madogo ya kila mwaka yatakuja kumrutubishia shamba, wala hawezi kuwa na hakika kwamba maji makubwa hayatakuja kulichukua. Katika hali hiyo wengi wanaona njia ya salama zaidi ni bustani ndogo ya mboga, karibu na kisima au kidimbwi kisichokauka upesi, ambayo mavuno yake huja mapema na ambayo ikipotea haipotezi mwaka mzima. Ndiyo hiyo bustani tunayotaka kuihesabu.

Msimu unavyokwenda

Kazi ya kwanza ni kitalu. Mwezi wa Mei, wakati ardhi bado inateleza, mbegu za nyanya, bilinganya, pilipili na nyanya chungu husiwa katika tuta dogo lililoinuliwa, kisha hufunikwa kwa nyasi ili jua na matone mazito yasiziumize. Miche huchukua kati ya wiki tatu na tano kabla ya kuhamishwa. Katika wiki hizo mtu mmoja hana budi kuwa hapo kila asubuhi na kila jioni. Kitalu hufa kwa siku mbili tu za kusahauliwa.

Huku kitalu kikilelewa, shamba hufyekwa, hulimwa na kuinuliwa matuta. Mchicha na bamia husiwa moja kwa moja. Mchicha ndio mkopeshaji wa familia: katika wiki tatu au nne huwa tayari kuvunwa, na fedha yake ndogo hununua chumvi, sabuni na mafuta ya taa wakati nyanya bado ni mche. Bamia huanza kutoa baada ya siku hamsini hivi. Tikiti maji na nyanya hutaka subira ya miezi miwili na nusu hadi mitatu. Mkulima mwenye akili hupanda vyote kwa zamu, ili asipitishe mwezi mzima bila kitu mkononi.

Miche ikishapandikizwa, kazi kubwa ni maji. Hapa tuchukue kalamu. Tuseme familia imepanda miche 1,000 ya nyanya. Hiyo si bustani kubwa. Kwa nafasi ya kawaida hutosha katika kiwanja cha mita 20 kwa 20, yaani kama sehemu ya kumi ya ekari. Tuseme kila mche hupewa lita moja tu kwa siku. Hizo ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita ishirini. Tuseme kisima kiko hatua za kawaida, mita 50 kutoka shambani. Kwenda na kurudi ni mita 100. Mara 50 ni kilomita tano kwa siku, na nusu ya safari hiyo mtu amejitwisha kilo ishirini kichwani.

Kwa siku 60 za kiangazi, mwendo huo hufika kilomita 300. Ni zaidi ya kutoka Kibiti kwenda Dar es Salaam kwa miguu na kurudi. Na kama kila ndoo, kuanzia kuteka hadi kumwaga, huchukua dakika tano, hesabu ya siku ni saa nne na dakika kumi, na ya siku 60 ni saa 250. Ndugu msomaji uliyeajiriwa kiwandani au ofisini, unajua siku ya kazi ya saa nane ni nini. Saa 250 ni zaidi ya siku 31 za kazi, na hapo hatujagusa jembe, palizi wala mavuno. Ni maji peke yake.

Sasa rudi kwa yale tuliyosema juu ya mlau. Kazi hii ya siku 31 ndiyo iliyokuwa ikifanywa na mafuriko kwa mazao ya bondeni. Mto unapoiacha, haipotei. Humhamia mtu mwenye ndoo, naye mara nyingi ni mama na watoto wake.

Baada ya maji huja wadudu. Tangu mwaka 2014 wakulima wa nyanya wa Tanzania wamepata adui mpya, nondo mdogo aliyepewa na wananchi jina la kantangaze. Kiwavi wake huchimba ndani ya jani na tunda, na akishaingia humo dawa ya kunyunyizia humpata kwa shida. Wengi hukimbilia kuongeza sumu, na kuongeza sumu huongeza gharama na kuhatarisha afya ya anayenyunyizia na ya anayekula. Maofisa ugani hushauri kuondoa na kufukia majani na matunda yaliyoshambuliwa, kutopanda nyanya mfululizo katika ardhi ileile, na kubadilisha aina ya dawa. Shauri hilo ni jema, lakini nalo ni saa: mtu lazima apite mche kwa mche, jani kwa jani.

Ulinzi wa usiku

Mkazi wa mjini akisikia neno bustani hufikiri uzio wa michongoma na mbwa mmoja. Bondeni Rufiji ulinzi ni kazi kamili. Mchana kuna ndege, kima na nyani. Usiku kuna nguruwe pori, ambao kundi moja laweza kumaliza kwa saa chache kilichoshughulikiwa kwa miezi. Kandokando ya maji kuna viboko wanaopanda kula, na katika maji yenyewe kuna mamba, wanaomvizia anayekuja kuchota. Ndiyo sababu mashambani hujengwa dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, na watu hulala humo msimu mzima wakipiga kelele na kutikisa makopo.

Dungu si kinga timilifu. Kati ya miaka ya 2002 na 2004 simba waliwaua watu zaidi ya 30 katika wilaya ya Rufiji. Mwaka 2005 watafiti waliandika katika jarida la kisayansi la Nature kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 560 nchini Tanzania, na kwamba mashambulizi yalikuwa mengi zaidi pale ambapo nguruwe pori walikuwa wengi. Maelezo yake ni mepesi kueleweka. Nguruwe hufuata mazao, simba hufuata nguruwe, na mkulima aliyetoka kulinda mazao yake hujikuta katikati yao. Tunaponunua boga, basi, tukumbuke kwamba kuna usiku ndani yake.

Na tangu miaka ya 2006 na 2007, wafugaji walipohamishwa kutoka bonde la Usangu na wengi kuelekezwa pwani ya kusini, kumezuka pia ugomvi wa ng'ombe na mashamba. Nguruwe hufukuzwa kwa kelele. Ng'ombe ana mwenyewe, na kesi yake hupelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Kesi nayo hula siku.

Safari ya tenga

Mavuno ya nyanya huanza mwezi wa Agosti na kuendelea mpaka Septemba au Oktoba. Nyanya huchumwa zikiwa zimeanza kugeuka rangi, hupangwa katika tenga na kufunikwa majani. Kwa aliye karibu na barabara kuu, kama Bungu, Kibiti au Ikwiriri, gari hupatikana. Wa ng'ambo ya kusini, kama Muhoro, tangu mwaka 2003 wanavuka Daraja la Mkapa, badala ya kungoja pantoni ya Ndundu huku nyanya zikiiva juani. Lakini wa visiwani katika delta bado wanategemea mtumbwi na boti, na kupwa na kujaa kwa maji ndiko kunakopanga saa ya safari. Huko tena, wakati wa kiangazi mto ukiwa mdogo, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini na kuingia vijitoni, na mwenye bustani lazima ajue kisima chake kinageuka ladha mwezi gani.

Mzigo ukifika sokoni, mkulima hukutana na dalali. Dalali ana kazi yake ya haki: anawajua wanunuzi, ana mahali pa kushushia, na huokoa muda wa mtu ambaye hawezi kukaa mjini siku tatu. Tatizo ni kwamba mkulima hufika akiwa hajui bei ya jana, huku dalali akiijua bei ya kesho. Lipo pia tatizo la kipimo. Sheria za vipimo zimepiga marufuku lumbesa, lakini mazao mengi ya bustani bado huuzwa kwa kujaza mpaka juu ya ukingo, na hicho kilichozidi juu ni jasho ambalo halikulipwa.

Zaidi ya yote, nyanya zote za msimu mmoja hufika siku moja. Aliyepanda wakati mmoja na jirani zake huvuna wakati mmoja nao, na bei huanguka siku ileile aliyoitarajia. Kuna wakulima ambao wamewahi kuacha nyanya zioze shambani kwa kuwa nauli ya tenga ilizidi bei yake.

Nani anaandika hesabu?

Hapa tunafika kwenye jambo la nyumbani, ambalo ndilo linalotupasa sisi wa ukurasa huu wa familia.

Mwisho wa msimu, familia hukaa na kuhesabu. Huandikwa bei ya mbegu, ya dawa, ya kukodi gari na ushuru. Hutolewa katika mauzo, na kinachobaki huitwa faida. Lakini zile saa 250 za ndoo hazimo katika hesabu hiyo. Asubuhi na jioni za kitalu hazimo. Usiku wa dungu haumo. Kwa nini? Kwa sababu hazikununuliwa. Zilitolewa na mama, na binti aliyechelewa shule, na bibi aliyelea kitalu akiwa na mjukuu mgongoni. Kisicholipwa huhesabiwa kuwa hakikufanyika.

Kosa hilo la hesabu huzaa makosa mengine mawili. La kwanza ni la uamuzi. Baba akiona faida katika daftari, husema mwakani tupande miche 2,000. Haoni kwamba ameongeza ndoo 50 nyingine kwa siku juu ya kichwa ambacho tayari kimejaa. Bustani hushindwa katikati ya msimu, na lawama huenda kwa mbegu au kwa bahati. La pili ni la fedha. Asiyehesabiwa katika kazi haulizwi katika matumizi. Mama aliyebeba maji husikia kwamba fedha za nyanya zimekwenda kulipia pikipiki ya kijana, naye hakuulizwa.

Nchi yetu ina kumbukumbu ya kale juu ya jambo hili, na chimbuko lake ni kusini mwa bonde hilihili. Mwaka 1905 wananchi wa Umatumbi waling'oa mimea ya pamba katika mashamba waliyolazimishwa kuyalima na Wajerumani kwa malipo ya kudhihaki, na kutoka Ngarambe, Rufiji, ujumbe wa Kinjikitile Ngwale ulikuwa umeenea. Ndivyo ilivyoanza Vita vya Majimaji. Hatufananishi baba wa nyumba na mkoloni, hasha. Tunakumbusha tu kwamba watu wa huku walijua zamani kuwa kazi isiyohesabiwa humchosha mtu mpaka akang'oa alichopanda. Siku hizi hang'oi. Binti huondoka tu, akapanda basi kuja mjini kutafuta kazi za ndani, na bustani hubaki na wazee.

Tufanye nini?

Tunayo mashauri machache, kwa walioko shambani na kwa walioko mjini.

Kwanza, daftari la shule la kurasa 40 linatosha kuwa msaidizi mkubwa wa bustani. Kila jioni iandikwe: nani alifanya nini, kwa saa ngapi, ndoo ngapi. Aandike mtoto anayesoma, kwa kuwa ni zoezi zuri la hesabu. Mwisho wa msimu, faida igawanywe kwa jumla ya saa zote, za kila mtu. Familia itaona saa moja ya nyanya imeleta shilingi ngapi, na saa moja ya mchicha au bamia shilingi ngapi. Huenda ikagundua kwamba zao linaloleta fedha nyingi kwa mkupuo ndilo linalolipa kidogo kwa saa.

Pili, kabla ya kuongeza miche, ipunguzwe safari ya maji. Matandazo ya nyasi kavu chini ya mimea huhifadhi unyevu. Kuchimba kisima karibu zaidi kwa mita 25 huondoa nusu ya ule mwendo wa kilomita 300. Fedha ya kwanza ya faida iende huko.

Tatu, kupanda kuwe kwa awamu. Kitalu cha pili kisiwe wiki tatu baada ya cha kwanza, ili soko la siku moja lisimalize msimu wote. Na wakulima wa matikiti, matango na nyanya wasisahau kalenda ya mwezi mwandamo: Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na anayetaka kuuza wakati wa futari lazima ahesabu miezi mitatu nyuma ndipo ajue siku ya kusia mbegu.

Nne, ardhi iandikwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi ya kijiji, na hati ya hakimiliki ya kimila yaweza kuandikwa majina ya mume na mke kwa pamoja. Anayebeba ndoo kwa miaka kumi katika shamba ambalo kesho aweza kuondolewa hana sababu ya kuchimba kisima.

Tano ni kwetu sisi wa mjini. Wengi wetu tuna ndoto ya bustani kule nyumbani. Tunatuma fedha ya mbegu, kisha tunapiga simu: "Shikamoo mama, nyanya zimefikia wapi?" Ni vizuri kuuliza, lakini swali la kwanza liwe jingine: maji yanabebwa na nani? Kama jibu ni kwamba yanabebwa na mama mwenye miaka 60, basi bustani yetu ni kazi tuliyompa mzazi tukaiita msaada. Tutume fedha ya kibarua au ya pampu ndogo kabla ya kutuma fedha ya mbegu zaidi. Na wakati wa likizo, twende wenyewe kwa wiki moja tushike ndoo. Mikono ikipata malengelenge, ushauri wetu wa simu utakuwa na adabu zaidi.

Nao wakuu wanaopanga maji ya bwawa tuwaombe jambo lililo ndani ya uwezo wao: taarifa. Mkulima akiambiwa mapema, kwa redio na kwa mbao za matangazo za vijiji, kwamba maji yataongezwa au kupunguzwa lini, ataweza kuamua asie kitalu bondeni au mwinukoni. Hapo zamani mto wenyewe ulimpa habari kwa rangi ya maji na kwa kasi yake. Sasa habari hiyo iko ofisini, na ni haki yake kuipata.

Ndugu msomaji, hatukuambii ulipe zaidi gengeni kwa huruma. Muuza genge naye ana wanawe, nawe una wako. Tunachokuomba ni kumweka yule mtu wa tatu katika hesabu: katika mazungumzo ya chakula cha mchana leo, katika simu utakayopiga nyumbani jioni, na katika daftari, kama familia yako ina shamba. Mwaka huu masika yakipita na tope likianza kukauka bondeni, kuna mtu atakayeshika ndoo ya kwanza. Ni vema wote mnaokula naye mjue ndoo hizo zitakuwa ngapi.